Vidole Kumi na Kimoja vya Udongo

Jumapili, 3 Oktoba

Baba ametoa uamuzi leo baada ya chai. Tulikaa chumbani kwake kwa sababu mwanga wa nje unamuumiza. Mtoto wa jicho amekwisha kulifunika jicho la kulia na sasa ameanza la kushoto. Kaka alikaa kwenye kiti, mimi kwenye kona ya kitanda.

Nauandika uamuzi kama ulivyosemwa, baadaye pasiwe na ubishi. Shamba la chini linabaki kwa Kaka kama lilivyo. Shamba la juu, lile la mteremkoni ambalo kila mtu hapa analiita Kipara, nitalilima mimi kwa msimu mmoja. Nikivuna magunia matatu ya mtama, Kipara ni changu moja kwa moja. Nisipofikisha, Kaka atakichukua aweke mbuzi, nami nitatafuta pa kwenda.

"Magunia matatu," alisema Kaka. "Baba, pale hata mbuzi wangu wanapanda na majani ya akiba mdomoni."

Baba hakucheka. Mimi nilicheka kidogo, kwa adabu.

Pa kwenda ni mahali pamoja tu: kwa binti yangu, mjini. Kiwanda kilipofungwa, baada ya miaka kumi na tisa ya kutunza stoo yake, nilikaa kwa binti yangu miezi minane. Nililala kwenye kochi la sebuleni. Mkwe wangu ni kijana mwenye heshima. Kila alfajiri alisimama koridoni akakohoa kabla ya kupita, ili nijifunike vizuri. Hakukosea hata siku moja. Miezi minane ya kikohozi kile. Sitaki kukisikia tena maishani mwangu.

Jumatatu, 4 Oktoba

Nimepima Kipara. Nimechonga vigingi ishirini, nikavipanga mistari minne ya vitano vitano kuanzia juu hadi chini kwenye ukuta wa mawe wa Kaka. Kwenye kila kigingi nimechomeka nondo hadi igonge mwamba, nikaitoa, nikapima kwa vidole sehemu iliyozama. Pa kina kirefu ni vidole kumi na sita. Pa kina kifupi ni sita. Wastani ni vidole kumi na kimoja.

Kumi na kimoja, halafu mwamba. Nondo ikifika inatoa mlio mmoja mkavu na mkono wote unakufa ganzi hadi begani.

Nitapima kila Jumapili. Ndivyo nilivyokuwa nafanya stoo: kitu usichokihesabu huwezi kusema kimepotea.

Jumatano, 6 Oktoba

Kaka ameniona na nondo. Sasa ananiita Nesi. "Nesi, mgonjwa amechomwa sindano ngapi leo?" Wifi yangu alikuwa nyuma yake na ndoo ya maji, akacheka mpaka akamwaga.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimeanza kutoa mawe. Kipara kimejaa mawe juu kama uji uliofanya mabonge. Mengi ni ya ukubwa wa ngumi, mengine ya kichwa, machache ya mbuzi aliyelala. Nimeanza mstari wa juu. Nayatupa kwenye korongo lililo pembeni.

Jumanne, 12 Oktoba

Mawe. Mgongo.

Alhamisi, 14 Oktoba

Mawe.

Jumapili, 17 Oktoba

Nimepima. Kumi na kimoja bado. Mistari miwili imekwisha, imebaki udongo mtupu, mwekundu, laini, unaoonekana kama shamba la kwenye kitabu. Sekondari tulikuwa na vishamba vyetu nyuma ya bweni, na mwalimu wa kilimo alipita na kalamu nyekundu. Jiwe moja juu ya tuta, alama imekatwa. Jiwe lilikuwa uchafu na uchafu ulikuwa uvivu. Mimi sikuwahi kukatwa. Kidato cha tatu nilikuwa wa kwanza.

Jioni Baba aliniita. Yeye hukaa barazani mchana, kofia imeshushwa hadi puani, anasikiliza.

"Nasikia mawe," alisema. "Kutwa nzima nasikia jiwe kwa jiwe."

"Ndiyo, Baba."

"Kazi nzuri, mama. Endelea hivyohivyo, mstari kwa mstari. Usiruke."

Sikumbuki mara ya mwisho Baba kunisifia. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 21 Oktoba

Kaka alikuja kusimama juu ya ukuta wake akatazama Kipara kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Safi," alisema. "Safi kabisa. Hapa mtu anaweza kula chakula bila sahani."

Nilimwambia asante. Akashuka akaenda zake. Sijui kwa nini sauti yake imenikaa kichwani.

Jumatano, 27 Oktoba

Jiwe limeniangukia mguuni. Kidole gumba kimekuwa cha rangi ya zambarau. Wifi alinifunga kwa kitambaa na akanisema. "Wifi, wewe mtu wa stoo, ulidhani mawe yako kwenye rafu?"

Imebaki kona ya chini ya kulia, vigingi vinne, kuanzia cha kumi na saba hadi cha ishirini. Nitaimalizia mguu ukipona.

Jumapili, 31 Oktoba

Kupima nimepima kwa kuchechemea. Kumi na kimoja.

Jumapili, 7 Novemba

Kumi na kimoja. Joto. Mawingu yanakuja saa tisa, yanasimama, yanaondoka.

Alhamisi, 11 Novemba

Vilevile.

Jumatatu, 15 Novemba

Vilevile. Mguu umepona nusu. Nilitaka kuimalizia ile kona, lakini Kaka amekwisha kulima shamba lake lote na mimi sijagusa jembe. Nimeamua kulima kwanza. Kona itabaki na uchafu wake. Naona aibu kila nikipita.

Ijumaa, 19 Novemba

Manyunyu usiku kucha. Nimepanda leo, kutwa nzima, mtama. Kwenye kona ya mawe nimepanda kwa kupenyeza mbegu kati ya jiwe na jiwe, nikijisikia mpumbavu.

Ijumaa, 26 Novemba

Umeota! Nimehesabu mistari. Kipara kina rangi ya kijani. Nilimshika Baba mkono nikamleta hadi ukingoni, akainama, akagusa jani moja kwa vidole viwili, akasema, "Ehe."

Jumamosi, 4 Desemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie saa nane mchana, maana ndipo mvua ilipoanza.

Haikuanza kwa matone. Ilishuka yote pamoja. Nilikuwa jikoni na Baba alikuwa barazani, nikatoka kumwingiza ndani. Alikataa kuingia. Aligeuza sikio upande wa juu.

"Maji yanakimbia," alisema.

"Ni mvua, Baba. Mvua inakimbia."

"Sisemi mvua. Nasema maji. Yanakimbia juu, kule kwako. Kwa nini yanakimbia?"

Nilipanda mbio na kanga kichwani. Nilipofika nilikuta Kipara kinasogea. Sina neno jingine. Udongo wote wa mistari mitatu ya juu ulikuwa umegeuka uji mwekundu, unateremka taratibu kwanza, halafu kwa kasi, na mtama wangu wa siku nane ukiwa juu yake umesimama wima, kama watu kwenye lori. Kigingi cha tatu kilipita mbele yangu. Nilikikamata. Nikasimama nimeshika kigingi. Nilitaka kuziba na nini? Sikuwa hata na jiwe moja karibu. Nilikuwa nimeyatupa yote korongoni kwa mikono yangu.

Na chini, kwenye ukuta wake, alikuwepo Kaka. Amevua shati. Ukuta ulikuwa na pengo na yeye alikuwa anaokota mawe anaziba, anaokota anaziba, haraka, kwa mikono inayojua. Udongo wangu ulifika pale ukasimama. Maji yakapita juu ya ukuta yakiwa mepesi, udongo ukabaki umeegemea ukuta. Aliinua kichwa akaniona. Hakunipungia. Akaendelea kuziba.

Nilifikiri: ameusubiri. Mtu anaziba hivyo kwa sababu amengoja kitu kije.

Mvua ilikatika kabla ya saa kumi. Jua likatoka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jumapili, 5 Desemba

Vigingi kumi na vitatu vimebaki. Vingine nimevirudishia kwa kukadiria. Wastani ni vidole saba. Kwenye mstari wa juu, vitatu. Mahali pawili nondo haikuzama kabisa, niligonga mwamba uchi.

Kwenye ile kona chafu, vigingi vyote vinne vipo. Kumi na kimoja, kumi, kumi na viwili, kumi na kimoja. Nimeandika bila kuelewa.

Jumatatu, 6 Desemba

Nilishuka asubuhi na karai na koleo, kuchukua udongo wangu. Umelala kwenye ukuta wa Kaka, kimo cha goti. Sikuwa nimejaza karai la kwanza alipotokea.

"Weka chini."

"Kaka, huu ni udongo wangu. Umetoka kwangu juzi, uliuona ukija."

"Una jina lako?"

"Una mtama wangu ndani! Huu hapa!" Nilimwonyesha mche mmoja, mizizi juu.

"Basi chukua mche," alisema. "Mche ni wako. Huu umekuja wenyewe, sikuuita. Umelala kwenye ukuta wangu."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Yeye hakupaza sauti. Alilichukua karai mikononi mwangu, akalimwaga, akanirudishia likiwa tupu, na akanirudishia vizuri, kwa mkono wa kulia.

Nilikwenda kwa Baba. Nilimweleza yote: mvua, udongo, ukuta, karai. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Na kuta zako zimevunjika zote?"

"Kuta gani, Baba?"

"Kuta ulizojenga. Mwezi mzima nasikia mawe."

Nilimwambia kwamba nilikuwa nayatoa. Kwamba nilikuwa nayatupa korongoni. Kwamba nilikuwa nasafisha.

Baba alivua kofia. Ana uso mdogo bila kofia. Alisema, "Unasafisha," akakaa na neno hilo, kama mtu aliyepewa kitu mkononi gizani anajaribu kujua ni nini.

"Baba, wewe ulisema kazi nzuri. Ulisema mstari kwa mstari."

"Mama, mimi sioni," alisema.

Jumapili, 12 Desemba

Nimepanda upya palipo na chochote cha kupandia. Saba.

Jumapili, 19 Desemba

Saba. Sizungumzi na Kaka. Wifi anapitisha salamu kati yetu kama tarishi, na anazipunguza ukali njiani, nadhani.

Jumapili, 26 Desemba

Saba.

Alhamisi, 6 Januari

Siku ya kumi na moja bila mvua.

Jumatano, 12 Januari

Siku ya kumi na saba. Mtama wa juu umekunja majani kama miavuli. Udongo umepasuka, mwamba unauchoma kutoka chini na jua kutoka juu. Mimi mwenyewe nimechoka namna ambayo kulala hakusaidii. Naamka nimechoka, kama vile mtu mwingine amelala kwa niaba yangu.

Jumapili, 16 Januari

Nimepima. Saba. Lakini leo si habari ya kupima.

Kona ya mawe ni ya kijani. Kila mahali Kipara ni njano, na ile kona, vigingi vinne, mtama umefika kiunoni na majani yamefunguka. Nimeiona wiki zote hizi na sikuitazama, kwa aibu. Leo nimepiga magoti nikainua jiwe moja, la ukubwa wa kichwa. Chini yake udongo ulikuwa mweusi. Nikaushika. Ulikuwa na unyevu. Siku ya ishirini na moja bila mvua, unyevu. Nikainua jingine. Vilevile. Nikayarudisha pole pole, kama mtu aliyefunua watoto waliolala.

Mawe yalikuwa paa. Mvua ilikuwa inayapiga yenyewe badala ya kuupiga udongo, na jua lilikuwa linayachoma yenyewe. Na mimi kwa mwezi mzima nilikuwa naezua, huku nikijipa alama.

Jumanne, 18 Januari

Nilimfuata Kaka leo. Alikuwa ameketi juu ya ukuta anakata kucha za mbuzi. Alimshikilia mbuzi kwa magoti.

"Ulijua," nilisema. "Mwezi wa kumi ulisimama hapa ukaniambia safi, na ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

"Ningejuaje kuuliza?"

"Wewe ndiye uliyesoma, Nesi." Alikata ukucha. "Mimi nimeishia la saba."

Nilikaa. Nilimwambia sikuja kugombana, sina nguvu za kugombana, nataka tu kujua. Akamwachia mbuzi. Nayaandika maneno yake jinsi ninavyoyakumbuka, maana alisema bila kunitazama na bila kusimama katikati.

"Unadhani udongo wa Kipara ulikuwepo siku zote? Pale palikuwa mwamba. Baba alianza kuupandisha mimi bado mdogo. Kila mvua ukishuka, ukuta huu unaushika, na kila kiangazi mtu anaupandisha. Nilipomaliza la saba huyo mtu akawa mimi. Karai kichwani, kutoka hapa hadi kule juu. Miaka minane. Wewe ulikuwa bweni. Ukirudi likizo unakuta udongo upo, unakaa kivulini na vitabu. Mara moja uliniambia, 'Kaka, shingo yako imekuwa fupi.' Ukacheka. Nami nikacheka."

Nakumbuka. Nakumbuka hata gauni nililovaa.

"Baba alisema mmoja asome," alisema. "Haya, ukasoma. Mtama wa Kipara ndio uliokulipia. Halafu umekuja na nondo, unaniambia udongo wako."

Mbuzi alirudi mwenyewe akasimama kati yetu, kucha za mguu mmoja bado ndefu.

Shingo yake kweli imezama mabegani. Miaka yote nilidhani amezaliwa hivyo.

Jumatano, 19 Januari

Sijafanya kazi leo.

Jumapili, 23 Januari

Saba. Mvua kidogo alasiri, ya kulowesha vumbi.

Jumapili, 6 Februari

Nimeanza kurudisha mawe. Nashuka korongoni kwa mikono na miguu, napanda nayo moja moja au mawili mawili, nayalaza kati ya mistari ya mtama, na makubwa nayapanga kukata mteremko. Ni rahisi kulitupa jiwe korongoni. Kulitoa ni jambo lingine.

Wifi alinikuta nimekaa chini nahema. Alinitazama, akatazama korongo, akatazama mawe.

"Wifi yangu, mwezi wa kumi ulikuwa unayapeleka. Mwezi wa pili unayarudisha. Ungekuwa mfungwa ningeelewa, ningesema ni adhabu."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakutaka kurudi. Alikaa nami. Halafu akanisaidia mawe kama thelathini hivi, kisha akasema ana watoto.

Jumatano, 9 Februari

Mawe.

Jumatatu, 14 Februari

Mawe. Ndege wameanza kushambulia kwenye kona.

Jumapili, 20 Februari

Saba. Mistari miwili imefunikwa. Baba ameniuliza: "Hayo mawe, yanakwenda au yanarudi?" Nikamwambia yanarudi. "Haya," alisema.

Jumapili, 6 Machi

Saba.

Ijumaa, 11 Machi

Mvua kubwa, saa tisa mchana, karibu kama ile. Nilikaa barazani na Baba, nikashindwa kupanda kwenda kuona. Nilijiambia kama kimekwenda, kimekwenda.

Baba alitega sikio. Baada ya muda mrefu akasema, "Yanatembea."

"Nini, Baba?"

"Maji. Leo yanatembea."

Jumapili, 13 Machi

Saba. Palepale. Ni mara ya kwanza nimefurahi kuandika saba.

Jumapili, 27 Machi

Masuke yanapinda. Ya kona yamejaa. Ya juu ni madogo, unaweza kuyafumbata mkononi.

Jumamosi, 16 Aprili

Nimevuna siku tatu. Mikono imechanika. Wifi alikuja siku ya pili. Kaka hakuja, na sikumtarajia.

Ijumaa, 22 Aprili

Nimepura, nimepepeta, nimepima kwa debe. Gunia letu linaingia madebe sita. Kipara chote kimetoa madebe tisa. Gunia moja na nusu.

Ile kona peke yake imetoa madebe manne. Ni vigingi vinne kati ya ishirini, sehemu moja ya tano ya shamba. Kama Kipara chote kingezaa kama kona, ningepata madebe ishirini. Magunia matatu na madebe mawili juu.

Nimeipiga hesabu hiyo mara tatu, kwa sababu ni nzuri na haina kazi.

Jumamosi, 30 Aprili

Kesho ndiyo siku ya kumpa Baba hesabu ya mavuno. Wifi amekuja jikoni, akafunga mlango, akaongea chini.

"Wifi, sisi tumepata tisa mwaka huu. Magunia. Nikikuazima moja na nusu mpaka kesho jioni, nani atajua? Baba atapapasa tu. Gunia ni gunia."

Sitasema sikufikiria. Nilifikiria kikohozi cha koridoni. Nilifikiria kwa muda mrefu kiasi kwamba alidhani nimekubali, akaanza kusema tutayabeba saa ngapi.

"Mumeo atajua," nilisema.

"Mwachie mimi."

"Hapana, wifi. Udongo ule umebebwa na mtu. Sitaki kuandika uongo juu yake."

Alininunia kidogo, halafu akaniuliza kama nina sanduku la nguo au nitatumia mfuko. Nimefungasha. Vitu vyangu vimeingia kwenye mfuko mmoja na nusu, kama mavuno yangu.

Jumapili, 1 Mei

Tulikaa tena chumbani kwa Baba. Kaka kwenye kiti, mimi kwenye kona ya kitanda. Nilisema mwenyewe kabla sijaulizwa.

"Gunia moja na nusu, Baba. Sikufikisha."

Baba alitafuta mkono wangu juu ya shuka, akaupata, akaupapasa kiganja, pale palipochanika. Lakini maneno yake hayakubadilika.

"Nilisema nilichosema mbele ya nyote wawili. Kipara ni cha kaka yako."

"Ndiyo, Baba."

"Kichukue," Baba alimwambia Kaka.

Kaka alikuwa anatazama mfuko wangu, ulioonekana mlangoni.

"Nimekichukua," alisema. "Sasa ni changu?"

"Ni chako."

"Nina mbuzi saba. Mbuzi saba nitawapeleka Kipara wakafanye nini, wakalambe mawe?" Alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Desemba kunitazama usoni. "Mimi sikukitaka kile. Miaka minane nilikipandia, kingenipa nini tena? Nilitaka uchoke. Nilitaka mtu mmoja katika nyumba hii achoke na Kipara kama nilivyochoka mimi. Baba alikuwa na mimi wa kubeba. Mimi sikuwa na mtu."

Baba aligeuza uso ukutani.

"Umechoka?" Kaka aliniuliza.

Nilijaribu kusema kitu cha heshima. Nikasema, "Nimechoka mpaka kwenye meno."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepokea mzigo akaukuta umekamilika.

"Basi lima. Si chako, ni changu, nimekuachia ulime. Nikikitaka nitakwambia msimu mmoja kabla. Na ule udongo ulio kwenye ukuta, pandisha. Mimi sipandishi. Usiniombe hata karai moja."

"Sitakuomba."

"Na usipime pime mbele yangu."

Nilitoka nikauchukua mfuko mlangoni, nikaurudisha chumbani. Sijapata nilichokitaka. Nitalala kitandani.

Alhamisi, 12 Mei

Kiangazi kimeanza. Leo nimeanza kupandisha.

Karai la kwanza nilifika nalo nusu ya mteremko nikalishusha. La pili nilimwaga. La tatu nilifika nalo juu, nikalimwaga kwenye mwamba ulio uchi, na palionekana kama mtu amemwaga kikombe cha chai.

La nne nililijaza hadi pomoni, kwa hasira. Kaka alikuwa juu ya ukuta wake, amekaa, anasokota kamba. Alikuwa ametimiza neno lake kutwa nzima, hakuinua hata jiwe. Nilipoinama kujitwika, alisema bila kuacha kamba:

"Umelijaza."

"Najua nilivyolijaza."

"Punguza nusu. Na usitazame juu ukipanda, tazama kisigino chako. Ukitazama juu utasimama, ukisimama limekushinda."

"Nani alikufundisha?"

"Nani angenifundisha?" alisema.

Nilimwaga nusu. Nikajitwika. Nikatazama kisigino changu hadi juu, na sikusimama.